Hiyo sakafu nyekundu iache ilivyo

Vijana wanaofanya kazi za mtandaoni kwenye bedsita za Eastlands wanaionea aibu sakafu nyekundu ya saruji. Pesa ya kwanza ikiingia, mbio kununua mkeka wa mbao, eti ofisi ipendeze. Ukishabandikwa kwa gundi, siku ya kuhama unamwachia landilodi.

Shida halisi ya sakafu ya rangi nzito ni kwamba inameza mwanga, na dawa iko ukutani. Kubaliana na mwenye nyumba, upake rangi nyeupe. Meza iweke kando ya dirisha, mwanga ukujie kwa ubavu. Kuwasha taa mchana ni kumaliza tokeni bure. Sakafu yenyewe ipige waksi tu, ing'ae. Hela iliyobaki, nunua kiti cha maana. Hapo ndipo utakaa masaa manane kila siku.