Si ni Laini Tu?

Ukipita Thika Road jioni utawaona watu wakivuka chini ya daraja la wapita njia badala ya kulipanda. Kila mmoja ana haraka yake. Boda nayo imebeba abiria watatu. Tumezoea kuyaita haya makosa madogo. Lakini kuna kosa dogo jingine lisiloonekana barabarani, nalo linatuhusu sisi na wewe moja kwa moja: kumsajilia mtu laini kwa kitambulisho chako.

Tuseme ukweli, hata sisi tumewahi. Tulipokuwa kampasi, mtu akipoteza kitambulisho aliazima cha mwenzake wa chumbani. Dakika tano, soda moja, kazi imeisha. Nani alifikiria sheria? Na sheria ipo. Anayesajili laini anatakiwa kutoa maelezo yake mwenyewe, na kudanganya hapo ni kosa. Ndiyo maana mwaka 2022 tulipanga zile foleni ndefu za kuhakiki usajili, hadi tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka Aprili hadi Oktoba.

Sasa fikiria unavyotuma pesa. Kabla pesa haijatoka, unaangalia jina. Jina likiwa lile unalolijua, unabonyeza. Ukiona jina geni, unasita. Hilo jina ndilo linalokuwezesha kumlipa fundi aliye Kisumu hujawahi kumwona. Halina nguvu nyingine ila kwamba watu wengi, bila kulazimishwa, walisajili kwa ukweli. Kila kitambulisho kinachoazimwa kinapunguza nguvu hiyo kidogo. Tapeli wa "ile pesa tuma kwa hii namba" hahitaji ujuzi wa kompyuta. Anahitaji tu laini yenye jina la mtu mwingine. Aliyeibiwa akipiga ripoti, jina linalotokea ni lako wewe uliyemsaidia jirani.

Na si polisi tu. Laini hiyo ikichukua mkopo wa simu na usilipwe, anayeorodheshwa CRB ni mwenye kitambulisho. Upande wa pili pia unaumia: simu ikipotea, huwezi kurudisha laini iliyo kwa jina la binamu aliyehamia Qatar. Pesa zako unazijua, hata salio unalikumbuka, lakini kwa karatasi si zako.

Wengine watatuambia: na shosho asiye na kitambulisho je, aishi bila simu? Swali la haki, na hatutajifanya kuna jibu rahisi. Kupata kitambulisho kipya kunaweza kuchosha, hasa kwa mzee anayeishi mbali na ofisi. Hata hivyo, ile nauli na siku moja ya kumsindikiza ni afadhali kuliko akiba yake yote kukaa kwa jina la mjukuu, halafu wajukuu wakosane. Watoto walio chini ya miaka 18 wana njia yao: mzazi au mlezi anawasajilia, na sheria inaruhusu.

Hebu bonyeza *106# uone ni laini ngapi ziko kwa jina lako. Mwenzetu mmoja alijaribu juzi akakuta nne. Tatu anazijua. Ya nne alikaa akiitazama, kisha akachukua kitambulisho, akaenda dukani kuomba ifungwe.