Mafunzo ya Lazima Kazini na Shuleni: Sheria na Mlango wa Dhamiri

Je, mwajiri anaweza kumlazimisha mfanyakazi kuhudhuria mafunzo ya mwenendo mwema? Na je, Serikali inaweza kumzuia mwajiri huyo kwa sababu tu haipendi yanayofundishwa? Maswali haya yamezigawa ofisi, shule na mahakama nchini Marekani, nasi tunaona kwamba yanagusa kiini cha utu wa mwanadamu, yaani dhamiri.

Tarehe 22 Aprili 2022, Gavana Ron DeSantis wa Florida alitia saini sheria iliyotaja mawazo manane kuhusu rangi, jinsia na asili ya mtu. Waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi walikatazwa kuwalazimisha kuhudhuria mafunzo yanayoyahimiza mawazo hayo. Katazo kama hilo liliwekwa pia shuleni na katika vyuo vikuu vya umma. Wazo mojawapo ni kwamba mtu anapaswa kuona hatia kwa matendo yaliyofanywa zamani na watu wa rangi yake.

Mwezi Agosti 2022, Jaji Mark Walker alisimamisha kipengele kinachowahusu waajiri, na Novemba akafanya vivyo hivyo kuhusu vyuo vikuu. Tarehe 4 Machi 2024, Mahakama ya Rufani ya Kanda ya 11, yenye makao yake Atlanta, ilithibitisha zuio la kwanza. Serikali ilidai kwamba inadhibiti tendo la kulazimisha mkutano, wala si maneno. Mahakama haikukubali: ikiwa mkutano unaruhusiwa au unakatazwa kulingana na wazo linalotetewa ndani yake, basi kinachodhibitiwa ni wazo lenyewe. Katika shule za msingi na sekondari za umma hali ni tofauti, kwa kuwa Serikali ndiyo inayopanga mitaala.

Tukilitazama jambo hili kwa mwanga wa imani, tunakiri kwamba hofu ya watunga sheria haikuwa ya bure. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anafundisha kwamba mwana hahukumiwi kwa uovu wa baba yake. Hakuna mwajiri mwenye mamlaka ya kudai maungamo ya dhambi ambayo mtu hakuitenda. Lakini dawa iliyochaguliwa ina madhara yake. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1987, Sollicitudo rei socialis, alizungumzia miundo ya dhambi. Nao Maaskofu Katoliki wa Marekani, mwaka 2018, walitoa barua ya kichungaji wakikemea ubaguzi wa rangi. Serikali inayojitwalia leo uwezo wa kunyamazisha wazo lisiloipendeza, kesho yaweza kuligeukia fundisho la Kanisa.

Kwa maoni yetu, mpaka wa haki upo kati ya mwenendo na dhamiri. Mwajiri ana haki, tena wajibu, wa kudai mfanyakazi asimdhalilishe mwenzake. California, kwa mfano, huwaagiza waajiri wenye wafanyakazi watano au zaidi kutoa mafunzo ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia. Kanisa nchini Marekani nalo, tangu Mkataba wa Dallas wa mwaka 2002, linawataka wanaohudumia watoto wapate mafunzo ya ulinzi. Hayo yanahusu matendo, na aliye dhaifu hulindwa nayo. Lakini mfanyakazi akitakiwa kutamka kwamba anasadiki asichosadiki, hapo mlango wa dhamiri umevunjwa. Tamko la Mtaguso kuhusu uhuru wa dini, Dignitatis humanae, la mwaka 1965, linatukumbusha kwamba ukweli hujipenyeza rohoni kwa nguvu yake wenyewe.

Basi, ninyi mnaosimamia shule, hospitali na ofisi, zikiwemo zile za Kanisa, jiulizeni kabla ya kuitisha semina ya lazima: Tunawaomba watu watende nini? Na je, asiyekubaliana nasi ataruhusiwa kuuliza swali bila kuhofia kibarua chake? Mafunzo yanayoogopa swali hayajengi maadili, bali hujenga unafiki.