Picha ya kompyuta nayo ina lumbesa yake

Wapo wasomaji watakaoshangaa kukuta habari za uchoraji katika kurasa hizi za mazao na biashara. Wasishangae. Picha ni bidhaa kama mahindi. Ina gharama ya kuizalisha, ina bei na ina madalali. Na tangu kompyuta ilipoingia katika kazi yetu, imepata wizi wa vipimo ambao mkulima anaufahamu kuliko mtu mwingine yeyote.

Mimi ni mchoraji, makazi yangu ni Temeke. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi zangu nazichora kwa kalamu ya kielektroniki juu ya kibao kilichounganishwa na kompyuta, kisha nazichapa kwenye karatasi na kuziuza. Swali ninaloulizwa na wateja karibu kila siku ni moja: "Sasa halisi ni ipi?"

Swali hilo ni la haki. Anayenunua picha ya Tingatinga anajua anachonunua. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 akiishi Msasani, kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao za dari. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendeleza kazi, na ushirika wao uko Oysterbay, wilayani Kinondoni. Hata wakirudia twiga yule yule mara mia, kila twiga amepakwa kwa mkono, na huwezi kupata wawili wanaolingana nukta kwa nukta.

Kwa upande wa picha za kuchapa, mambo ni tofauti kidogo, na si mageni hapa Dar es Salaam. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt wa Shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa, na humo wasanii kama George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, walichapa picha kutokana na mabamba ya chuma.

Kazi hiyo si ya mchezo. Bamba hupakwa kitu mfano wa nta, msanii huchora juu yake kwa sindano, kisha bamba hutumbukizwa kwenye tindikali, nayo hula pale tu sindano ilipopita. Baada ya hapo mistari hujazwa wino, bamba hupanguswa, na karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu yake kwa mashine nzito. Picha moja imetoka. Ukitaka ya pili, paka wino tena.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Bamba huchoka. Kila linapogandamizwa, mistari inalika, na baada ya nakala kadhaa picha inaanza kufifia. Ndiyo maana wachapaji wa zamani waliamua mapema wachape nakala ngapi, na chini ya kila nakala wakaandika kwa penseli namba kama 3/25, yaani hii ni ya tatu kati ya ishirini na tano, na sahihi pembeni. Zote ishirini na tano ni halisi. Hakuna iliyo mama na nyingine watoto.

Kompyuta haichoki. Faili langu la leo litatoa nakala ya kwanza na ya milioni moja bila tofauti yoyote. Kwa mantiki hiyo, wapo wanaosema picha ya kompyuta haiwezi kuwa halisi hata kidogo. Sikubaliani nao. Mwaka 2011 mchoraji wa Uingereza, David Hockney, alichora mfululizo wa picha za majira ya kuchipua kwenye iPad, akazichapa kwa nakala 25 kila picha, na wanunuzi walizilipia fedha nyingi. Walilipia mkono wa Hockney, bila shaka, lakini walilipia pia ahadi kwamba haitatokea ya 26.

Kwangu mimi, basi, faili ni bamba tu. Halisi ni zile karatasi zilizohesabiwa. Tofauti ni kwamba bamba la chuma liliweka ukomo lenyewe, na faili linasubiri mwenye nalo aweke ukomo kwa hiari yake. Na hiari, kama tujuavyo sokoni, inahitaji mizani.

Mwaka juzi nilikuta picha yangu ya daladala la Mbagala ikiwa ukutani kwa mama mmoja wa mgahawa, imechapwa kwenye plastiki ya mabango, kubwa kuliko meza, magurudumu yamevutwa yakawa kama mayai. Nilimwambia ni kazi yangu. "Mwanangu, mimi nimenunua kwa hela yangu, elfu kumi na tano," akanijibu kwa upole, akaniongezea chai. Hakuwa na kosa. Aliyemuuzia alikuwa na duka la kuchapa, na faili alilipata kwa kazi ya nakala chache niliyomlipa. Alizichapa, akanikabidhi flashi yangu, na faili akabaki nalo kwenye kompyuta yake.

Mkulima wa viazi ataniambia hiyo inaitwaje. Inaitwa lumbesa. Mnunuzi analipa gunia moja, kisha anashonea kilemba juu mpaka gunia linakuwa moja na nusu. Mwenye duka yule alipewa haki ya nakala chache, akajishonea kilemba cha nakala nisizozijua.

Lakini haki ni pande zote mbili. Msanii anayeandika 3/25 kisha, biashara ikichangamka, akachapa nyingine thelathini usiku, ni sawa na muuza duka aliyetoboa jiwe la kilo. Anamwibia mteja wake wa kwanza kabisa, yule aliyemwamini wakati hakuna anayemjua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme nauza nakala 25 kwa shilingi 40,000 kila moja. Hiyo ni milioni moja. Nikiuza bila idadi kwa shilingi 5,000, nitahitaji wateja 200 kufikia hapo, na karatasi, wino na fremu nitanunua mara 200.

Wino nao una ujanja wake. Wino wa rangi ya kuyeyuka hung'aa sana ukiwa mpya, lakini jua la dirishani huupausha mapema. Wino wenye chembechembe za rangi hudumu, ila ni ghali. Karatasi ya pamba haigeuki njano upesi kama ile ya miti. Na kijani cha mgomba kinachowaka kwenye skrini hufifia kikifika karatasini, kwa sababu skrini huchanganya mwanga na mashine huchanganya wino. Anayekuuzia nakala yenye namba hana budi kukuambia katumia wino gani. Asipojua, usimlipe bei hiyo.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini kumfuata mwenye steshenari mahakamani kwa ajili ya bango la elfu kumi na tano ni kuchoma nyumba kumtafuta panya.

Napendelea makubaliano. Mchapaji ninayefanya naye kazi sasa, huku huku Temeke, nampa asilimia kumi ya kila nakala inayouzwa, juu ya gharama yake ya kuchapa. Tuna daftari moja la mistari: jina la picha, idadi, tarehe, sahihi mbili. Nakala ya mwisho ikitoka, faili linafutwa kwenye mashine yake nikiwa nimesimama pale, naye anasaini mstari wa mwisho. Hadi sasa tumejaza kurasa nne.