Kumnunulia Kijana Fimbo ya Snuka



Kina mama kadhaa wameniuliza suala moja: kijana apenda snuka, ataka fimbo yake mwenyewe, na fedha za nyumbani ni za kuhesabu. Wanunue ipi wasije wakajuta? Suala hili lastahiki jibu, kwani fedha inayotengwa kando ya karo na unga haifai kutupwa.

Kwanza aulizwe kijana acheza mchezo upi. Mipira ya snuka ni midogo, kipenyo chake milimita 52.5, na fimbo yake ina ncha nyembamba ya milimita 9 hadi 10. Fimbo ya puli ya Kimarekani ina ncha nene, milimita 12 au 13. Dukani huenda zikawekwa pamoja, na asiyejua akabeba isiyo yake.

Pili, tufahamu ni nini kinacholipiwa. Mara nyingi bei hupandishwa na kitako, yaani ile sehemu nene ya kushikia: miti ya thamani, viungo vya mkono na nakshi. Zilizo rahisi hupakwa rangi tu zikafanana nazo. Lakini mpira haupigwi kwa kitako. Stephen Hendry wa Scotland alitwaa ubingwa wa dunia mara 7, baina ya 1990 na 1999, kwa fimbo ya bei nafuu aliyokuwa nayo tangu ujana wake, hadi ilipovunjika katika safari ya ndege mwaka 2003.

Basi fedha chache ziende penye kazi. Tafuta fimbo ya mti wa eshi, ambao mishipa yake yaonekana wazi, au mepoli, ulio laini zaidi usoni. Iangalie kwa jicho moja toka kitakoni hadi nchani huku ukiizungusha, kama seremala aangaliavyo ubao. Iliyopinda iache, hata ikiwa imepunguzwa bei. Kuibiringisha mezani peke yake hakutoshi, kwa kuwa fimbo ni nene upande mmoja na nyembamba wa pili. Ikiwa ni ya vipande viwili, ikaze kisha uigonge polepole kwa kiganja. Kiungo kikilia au kikitikisika, irudishe. Ya kipande kimoja haina kiungo cha kulegea, ila mfikirie kijana atakavyoingia nayo kwenye matatu.

Urefu wa kawaida ni sentimita 145 hadi 147, na uzito gramu 480 hadi 540 hivi. Ikisimamishwa sakafuni ifike baina ya bega na kidevu. Kijana anayeendelea kurefuka asinunuliwe ya watoto ikiwa ya watu wazima aimudu, la sivyo mtanunua mara mbili.

Kichwa cha ngozi kilichochakaa kisiwatishe. Hicho hubanduliwa kikagundishwa kingine kwa gharama ndogo. Kwa hivyo fimbo iliyotumika, ikiwa imenyooka, yaweza kuwa bora kuliko mpya yenye rangi za kuvutia.

Ikishanunuliwa itunzwe. Unyevu wa pwani yetu na jua kali hupinda mti. Isiegemezwe ukutani wala isiachwe ndani ya gari. Ilazwe katika mfuko wake, baada ya kupanguswa kwa kitambaa kikavu.

Na kabla ya yote hayo, kijana acheze kwanza kwa fimbo za ukumbini miezi michache. Akidumu, mtajua ni hamu ya kweli, naye atakuwa amejua uzito unaomfaa. Hapo pia wekeaneni sharti: hakuna kucheza kwa dau, wala kwa mtindo wa anayeshindwa ndiye mlipaji, na saa za masomo zibaki za masomo. Akikubali, mwacheni achangie fimbo hiyo japo kidogo kutoka akiba yake, kwani aliyechangia hutunza.