Seli Shina za Mafuta na Kifua cha Mchimbaji

Samaki wanapopungua ziwani, vijana wengi wa Ukerewe, Kome na Maisome huvuka kwenda Geita, Nyarugusu na Kahama kutafuta dhahabu. Wapo wanaorudi na fedha. Wapo pia wanaorudi na kikohozi kisichokwisha, kwa kuwa mwamba wa dhahabu una silika nyingi, na vumbi lake laini hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya mpaka leo, nao humfungulia mlango kifua kikuu. (Akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo nao wasisahauliwe.)

Ndiyo maana habari za seli shina zitokanazo na mafuta ya mwili zinastahili kusikilizwa hapa kwetu kwa makini, na kwa tahadhari. Mafuta kidogo huchotwa tumboni, seli shina hutengwa, aghalabu huzalishwa kwa wiki kadhaa katika maabara, kisha hurudishwa mwilini kwa dripu. Tatizo kubwa limo katika hatua hiyo ya mwisho. Damu itokayo mkononi hupita moyoni na kwenda kwanza mapafuni kabla ya kufika penginepo. Seli hizo huwa na upana wa maikromita 20 hivi, ilhali vishipa vidogo vya mapafu havizidi 10. Basi nyingi hunasa humo katika dakika chache, na baada ya siku chache huwa zimetoweka. Lenye hatari zaidi ni kwamba seli za mafuta hubeba protini inayogandisha damu. Zikiingizwa kwa wingi na kwa haraka, zinaweza kuziba mishipa ya mapafu.

Wataalamu wamekuwa wakitafuta namna ya kuliepuka hilo: kuchuja mabonge, kuzitia seli polepole na kwa vipimo vidogo vidogo, kutumia heparini ili damu isigande, na kuipima protini hiyo kabla ya dripu kuwekwa. Kwa mgonjwa wa ini, kunasa mapafuni ni hasara. Kwa mchimbaji, mapafu ndiyo hasa panapotakiwa dawa, na hapo ndipo matumaini yalipo. Lakini kishipa kilichokwisha kubanwa na makovu hakihitaji mzigo mwingine. Nchini Brazil watafiti wamejaribu seli za uloto kwa wagonjwa wachache wa silikosisi, nao wakazipitisha kwenye njia ya hewa. Hayo ni majaribio machache mno, hayatoshi kumwahidi mtu uponyaji.

Wala tusichanganye mambo. Upandikizaji wa uloto, ulioanza Muhimbili mwaka 2021 na unaofanywa pia katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ni tiba nyingine yenye ushahidi wa miongo mingi. Seli za uloto nazo hupitia mshipani, ila ni ndogo zaidi, na zina njia ya kuufikia mfupa.

Katika nchi nyingi kliniki zimekuwa zikiuza dripu za seli za mafuta kwa kila maradhi. Nchini Marekani ilihitajika hukumu ya mahakama ya rufani, Septemba 2024, kuthibitisha kwamba maandalizi ya namna hiyo ni dawa, na yapo chini ya sheria ya dawa. Sisi tusingoje kufikishana mahakamani. Tunaiomba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba itamke mapema, kwa Kiswahili kinachoeleweka machimboni na visiwani, kwamba dripu ya namna hiyo isiyoidhinishwa haiuzwi. Utafiti ukija, na tungependa uje, ufanyike chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, katika hospitali yenye uwezo kama Bugando, bila mgonjwa kutozwa hata senti, naye akiwa ameelezwa hatari ya damu kuganda.

Wakati huo huo kazi isiyohitaji maabara ipo. Mwamba ulowanishwe kabla ya kutobolewa na kusagwa. Na zahanati za visiwani zimwulize kila mwenye kikohozi cha muda mrefu swali moja tu: umewahi kufanya kazi machimboni, na kwa miaka mingapi?