Dakika Mbili Nyuma ya Ndege Kubwa Si Hasara

Mfanyabiashara anayepanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja ameyaona haya. Ndege kubwa inapaa, njia ya kurukia inabaki tupu, na ndege yenu ya watu kumi na wawili imesimama tu pembeni, injini ikinguruma. Safari yangu ya karibuni mzee mmoja wa karafuu alitazama saa, akanigeukia: "Kijana, hapa mafuta yanaungua bure." Nami niliwahi kuwaza hivyo. Chuoni tulifundishwa kuwa chombo kilichosimama hakizalishi.

Hesabu hiyo ina pengo. Bawa linapobeba ndege, hewa ya chini yenye mgandamizo mkubwa hukimbilia juu kupitia ncha ya bawa, na nyuma hubaki vimbunga viwili visivyoonekana. Ndege ikiwa nzito na ikienda polepole, ndivyo vinavyozidi nguvu. Hushuka taratibu, na huweza kudumu dakika kadhaa. Ndiyo sababu kanuni za kimataifa huiita nzito ndege ya tani 136 au zaidi, na nyepesi ile ya tani 7 au pungufu, kisha zikaitaka nyepesi ingoje dakika mbili kabla ya kupaa nyuma ya nzito. Katika kutua ni maili 6 za baharini, kama kilomita 11.

Anayetibua hewa ni mkubwa, anayelipa kwa kungoja ni mdogo. Wenye maduka madogo hawatashangaa.

Lakini kutongoja nako kuna bei yake. Desemba 1993, huko Santa Ana, California, ndege ndogo ya wafanyabiashara ilianguka ikitua nyuma ya Boeing 757, na wote watano waliokuwamo wakafa. Marubani walikuwa wameachiwa wajipimie umbali kwa macho. Baada ya hapo Wamarekani waliongeza nafasi nyuma ya 757, ingawa kwa uzito haikuwa katika kundi la nzito.

Hata angani juu kabisa hesabu ni hiyo hiyo. Tarehe 7 Januari 2017, juu ya Bahari ya Arabia, Challenger 604 iliyotoka Maldives kwenda Berlin ilipishana na Airbus A380 iliyokuwa futi 1,000 juu yake. Kila mmoja alikuwa mahali pake halali. Muda mfupi baadaye ile ndogo ilibiringika, ikapoteza zaidi ya futi 8,000, na abiria wakaumia. Rubani aliifikisha Muscat. Watengenezaji waliikagua wakaona haifai kukarabatiwa tena.

Zile futi 1,000 zilitokana na uamuzi wa kiuchumi. Zamani, juu ya futi 29,000, nafasi ilikuwa 2,000. Ilipunguzwa kuanzia 1997 juu ya Atlantiki Kaskazini, na Afrika ikafuata 2008, ili ndege nyingi zaidi zipite kwenye kimo kinachotumia mafuta kidogo. Sipingi, nauli inahitaji nafuu hiyo. Ninachokataa ni kuihesabu kama faida tupu, kwani aliyepoteza ndege mwaka 2017 si yule aliyekuwa juu.

Ipo njia bora. Mwaka 2012 uwanja wa Memphis, makao ya ndege za mizigo za FedEx, ulianza kuzipanga ndege katika makundi mapya yanayotazama pia upana wa mabawa, badala ya uzito peke yake. Nafasi zilipungua pale palipostahili, na ndege zaidi zikatua kwa saa. Hayo ni maongezeko yaliyotokana na vipimo, wala hayakuletwa na abiria kununa.

Basi mwekezaji mdogo anayefikiria kutia fedha kwenye kampuni ya ndege ndogo aombe kwanza ratiba yake. Atazame kama dakika za kungoja zimewekwa humo, au rubani anategemewa azifidie mwenyewe.