LIKIZO YA BWANA NI NJAA YA KEDI

Ndugu wanachama,

Mwezi uliopita nilihudumia meza ya mabwana wanne mahali ninapofanya kazi hapa Kisumu. Walipokwisha kula wakaagiza chai, wakakunjua karatasi, wakaanza kupanga safari ya kwenda Unguja kucheza gofu kwa siku saba. Mimi sikusimama kuwasikiliza, lakini mtumishi wa meza naye ana masikio. Maneno yale yamenikaa moyoni, ndiyo sababu nimemwomba Katibu anipe nafasi katika gazeti letu.

Nataka kusema kwanza kwamba mabwana hao hawakufanya kosa lo lote. Walipanga vizuri sana, na laiti sisi tungepanga mambo yetu hivyo. Walianza na majira. Mmoja alitaka waende mwezi wa Aprili, wenzake wakamkataza, wakasema huo ni wakati wa masika na uwanja utajaa maji; afadhali wangoje Julai au Agosti wakati wa kipupwe, jua lisiwe kali. Kisha wakazungumza habari ya ndege, ya Kisumu mpaka Nairobi na ya Nairobi mpaka Unguja, na uzito wa mikoba ya fimbo, kwani asiyeuliza mapema hutozwa fedha nyingi akiwa amekwisha fika kiwanjani. Wakakumbushana kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo mtu atokaye Kenya huulizwa akiingia Unguja, na kwamba sindano yenyewe yatakiwa ichomwe siku kumi kabla ya safari. Wakasema uwanja wa hoteli ya Sea Cliff, upande wa Mangapwani, una mashimo tisa tu. Basi atakaye kumi na nane itampasa kuuzunguka mara mbili. Wakakubaliana wacheze asubuhi na mapema, adhuhuri walale, jioni waende pwani. Mwisho wakapiga hesabu ya fedha, na kila mmoja akajua ataweka akiba kiasi gani kila mwezi.

Kazi hiyo yote ilikwisha kwa nusu saa. Kilichonishangaza si Unguja wala gofu. Kilichonishangaza ni kwamba kila bwana aliijua tarehe ya likizo yake. Walitoa vitabu vyao vidogo wakaandika, na hakuna aliyesema, "Ngoja kwanza nikaulize."

Niliporudi jikoni nikamwuliza mpishi wetu, mtu mzima aliyetangulia kazini kabla yangu, "Mzee, wewe likizo yako ni lini?" Akacheka. Akasema, "Mwanangu, mimi nilikwenda likizo nilipofiwa." Nikawauliza wengine watano waliokuwapo zamu ile. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na tarehe. Wawili walisema waliuza siku zao wapate karo ya watoto. Mmoja alisema yeye ni kibarua, na kibarua hana likizo. Huyo ndiye aliyenitia uchungu zaidi, kwa maana amekuwa kibarua mahali pale pale miaka mitatu.

Ndugu zangu, sheria ya nchi haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, yasema kila mfanyakazi akitimiza miezi kumi na miwili mfululizo apewe likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Akiachishwa kabla ya mwaka kutimia, lakini amekwisha kufanya kazi miezi miwili au zaidi, huhesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi. Yeye na mwajiri wakipatana kuigawanya likizo, sehemu moja isipungue wiki mbili za kazi zisizokatwa, isipokuwa kuna mapatano mengine. Na kifungu cha 37 chasema kibarua ambaye siku zake za mfululizo zimefika mwezi mmoja, au anayefanya kazi isiyoweza kumalizika katika miezi mitatu, huyo si kibarua tena, bali ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Basi yule ndugu wa jikoni ana haki yake, ila hakuna aliyempa habari.

Haki hii haikuanguka kutoka mbinguni. Huko Ufaransa, mwezi wa Juni 1936, wafanyakazi wa viwanda walifanya mgomo mkubwa, wengi wakikaa ndani ya viwanda vyao, na miongoni mwa walivyovipata ni likizo ya wiki mbili kwa mshahara. Wakati wa jua mwaka ule watu wengi wa mshahara mdogo waliiona bahari kwa mara ya kwanza, na zamani pwani ilikuwa ya matajiri peke yao. Mwaka ule ule Shirika la Kazi la Dunia lilitoa mkataba wake wa kwanza juu ya likizo ya mshahara. Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ukaandika katika Tangazo la Haki za Binadamu, kifungu cha 24, kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika, na ya kupata likizo ya mshahara kila baada ya muda. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba likizo ni hisani ya tajiri.

Sasa nataka kuwataja watu ambao hata habari hizi hazijawafikia, nao ni makedi, wale wachukuao mikoba ya fimbo katika viwanja vya gofu. Kazi yao naijua. Nilipokuwa kijana nilibeba mikoba miaka minne katika uwanja mmoja ambao sitautaja. Tulifika langoni alfajiri, tukaketi kwenye benchi tukingoja kuitwa. Aliyeitwa alitembea saa nne au zaidi na mzigo begani, akitafuta mipira majanini, akipokea ujira wa mzunguko mmoja na bakshishi kama bwana ameshinda. Asiyeitwa alirudi nyumbani mikono mitupu, hata nauli hana. Na yule bwana niliyezoea kumbebea alipokwenda likizo mwezi mzima, mimi nilikaa benchini mwezi mzima. Yeye alipumzika, watoto wangu wakafunga. Ndipo nikaacha kazi ile nikatafuta ya hotelini.

Wachezaji wa gofu hupenda kusimulia kanuni moja ya zamani ya hapa hapa Kisumu, ya Nyanza Club, kama miaka ya 1950. Kanuni yenyewe ilisema mpira ukienda kusimama karibu na kiboko au mamba, mchezaji aruhusiwe kuangusha mpira mwingine mahali pa salama, wala asitozwe pigo. Ni kanuni ya busara, na sisi wa ziwani twajua kiboko si mnyama wa kuchezea. Lakini kila niisikiapo huuliza: ni nani aliyetangulia mbele kutazama mpira umelala wapi? Kanuni ilimfikiria mchezaji na mpira wake. Aliyetangulia kuutafuta haikumtaja, kwa sababu siku ilipoandikwa yeye hakuwapo mezani.

Na hivyo ndivyo mambo yalivyo hata leo kwa makedi wengi. Ukimwuliza mwenye uwanja atakuambia, "Kedi si mtu wangu, ameajiriwa na mchezaji." Ukimwuliza mchezaji atakuambia, "Mimi namlipa mzunguko mmoja tu, yeye ni wa klabu." Kwa hiyo kedi ana mabwana mia wa kumtuma, na hana hata mmoja wa kumpa siku ya kupumzika. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini na viwanja vikafungwa mwezi wa Machi, shida hiyo ilionekana wazi. Mtu wa mshahara alikuwa na barua ya kazi mkononi, hata kama mshahara ulipunguzwa. Kedi alikuwa na benchi, na benchi lenyewe lilikuwa ndani ya lango lililofungwa.

Kuna wanaosema kwamba gofu ni mchezo wa matajiri, na dawa ni kuufuta, ardhi ile tukalime mtama. Mimi siwaungi mkono. Uwanja mmoja hulisha makedi, wakata majani, wapishi, walinzi na madereva, na kuwanyima kazi hiyo si kuwasaidia. Wageni wakija kucheza na waje, na mabwana wetu wakienda Unguja na waende salama. Huko nako watabebewa mikoba na ndugu zetu wafanyakazi, na shauri hili linawahusu wao kama linavyotuhusu sisi.

Wengine wasema makedi wenyewe hawataki kuandikwa, kwani wapenda uhuru wao na waogopa kukatwa fedha. Neno hili lina ukweli, nami nilipokuwa kijana nilikuwa miongoni mwao. Lakini uhuru wa kukaa benchini bila kuitwa ni uhuru gani? Siku nilipotegua mguu shimoni nilijua thamani yake. Nilikaa nyumbani wiki tatu, na uhuru wangu haukuninunulia hata kibaba cha unga.

Kwa hiyo natoa shauri langu, wanachama walipime.

Kwanza, kila uwanja uwe na daftari la makedi, lenye jina la mtu na siku alizofanya kazi. Daftari hili liwekwe mara mbili, moja kwa mwenye uwanja na moja kwa makedi wenyewe. Bila maandishi, hata vile vifungu vizuri nilivyovitaja havina pa kushika. Kama shauri likifika Mahakama ya Ajira, nayo inakaa hapa hapa Kisumu, hakimu ataitazama kazi yenyewe na siku zake, hatalitazama jina tu ambalo mwajiri amempa mtu. Atakayekuwa na siku zilizoandikwa atakuwa na la kusema.

Pili, katika malipo ya kila mzunguko itengwe sehemu ndogo iwekwe katika mfuko wa mapumziko, kisha kila kedi kwa zamu alipwe siku zake za kupumzika kutoka mfuko huo. Bwana mwenye fedha za kulipia uzito wa fimbo ndani ya ndege hatashindwa na shilingi chache za mtu abebaye fimbo hizo nchi kavu. Makedi wenyewe nao wasingoje kusukumwa. Wajiandikishe katika SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, na waweke akiba ya uzee NSSF, hata kwa ule mpango wa Haba Haba.

Tatu, sisi wenye mishahara tuache kuuza likizo zetu. Najua karo ni kali, wala simlaumu aliyeuza mara moja. Lakini tukiuza kila mwaka, tajiri huzoea kwamba siku zile ni za kununuliwa, na kijana atakayekuja nyuma yetu hatakuta hata desturi ya kupumzika. Kila Januari wajumbe wetu waombe orodha ya likizo ibandikwe ukutani, jina na tarehe, kila mtu aione. Orodha hiyo haigharimu tajiri kitu, nayo huzuia ugomvi mwingi.

Nne, tujifunze kupumzika. Likizo zetu zimekuwa za jembe na matanga. Mtu hupata siku kumi, akaenda nyumbani kulima, akazika, akarudi amechoka kuliko alivyokwenda. Kulima ni wajibu na kuzika ni wajibu. Lakini mwili nao una deni lake, na usipolipwa kwa hiari hulidai hospitalini.

Tena visiwa si vya Unguja tu. Sisi tunavyo vyetu hapa ziwani. Mtu akitoka Kisumu kwa gari mpaka Luanda Kotieno, akavuka kwa feri mpaka Mbita, daraja litamfikisha Rusinga kwa miguu. Huko ndiko alikozikwa ndugu yetu Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Kabla ya kuwa waziri alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1955, makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, alikwenda kuwasaidia kupata mapatano. Kaburi lake huonwa na wageni kutoka nchi za mbali. Wanachama wangapi wa tawi letu wamefika? Na ng'ambo kidogo kuna Takawiri, yenye mchanga mweupe na minazi kama ya pwani. Hakuna mashimo tisa wala kumi na nane, lakini kuna kivuli, kuna samaki, na maji yapo ya kutosha kuosha macho.

Basi naomba mkutano ujao uzungumze jambo hili: kwamba tawi lipange safari moja ya Rusinga, watu wachange kidogo kidogo kuanzia sasa, na makedi waalikwe pamoja nasi, wake zao na watoto wao. Tukiwa njiani tutazungumza nao habari ya daftari na ya mfuko. Mtu husikiliza vizuri zaidi akiwa ameshiba na hana mzigo begani.

Tatizo ni moja tu. Nilipomwambia yule mpishi habari za safari hii, alifurahi sana, akauliza itakuwa siku gani. Nikamwambia tutachagua siku ambayo wote tuna nafasi. Akatazama ukutani, pale ambapo orodha ya likizo ingekuwa imebandikwa, akasema, "Basi anzeni na hilo."

Naona amesema kweli. Tuanze na hilo.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwanachama mwenzenu,
Mtumishi wa Meza, Kisumu